Kodi Iliyozidi Kukatwa Hotelini Malindi: Uidai Mwenyewe, Saibani, KRA au kwa Wakala?

Kila mwaka masika yanapokaribia, hoteli za Casuarina, Silversands na Watamu huanza kufunga vyumba, na wahudumu, wapishi, wasafishaji na walinzi wengi hurudi makwao Magarini, Ganze na Mambrui huku wakiwa na pesa serikalini ambazo hawajui kwamba ni zao. Pesa hizo ni kodi ya mshahara, yaani PAYE, iliyokatwa kupita kiasi ambacho sheria inawataka walipe kwa mwaka mzima, na mfanyakazi ana haki ya kuomba arejeshewe ndani ya miaka mitano tangu alipoilipa. Wengi wakishaelezwa hawabishani na haki hiyo. Wanachotaka kujua ni waidai kupitia wapi: simu zao wenyewe, saiba ya mtaani (duka la kompyuta na intaneti), ofisi ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ofisi ya mishahara hotelini, au wakala wa kodi. Njia hizi hazilingani hata kidogo, na inayomfaa mmoja inaweza kumpotezea mwingine haki yake.

Kwanza, kiasi chenyewe

Hakuna anayeweza kuchagua njia kabla ya kujua anadai nini. Mwajiri hukata kodi mwezi kwa mwezi, kana kwamba mshahara wa mwezi huo utaendelea miezi yote kumi na miwili. Kwa mapato ya mwaka 2025, shilingi 24,000 za kwanza za mshahara unaotozwa kodi kila mwezi hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na kinachozidi hapo, kwa mishahara ya watu wa kawaida, hutozwa asilimia 30. Kisha mfanyakazi hupunguziwa shilingi 2,400 za afueni binafsi. Hesabu ya sheria, hata hivyo, ni ya mwaka: asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza, na afueni ya shilingi 28,800. Kwa mtu anayelipwa mshahara uleule kuanzia Januari hadi Desemba, hesabu hizo mbili hukutana. Kwa mtu wa msimu, hazikutani.

Tuseme mhudumu wa mezani alifanya kazi Januari hadi Machi, hoteli ikafungwa, akaitwa tena Agosti na kuendelea hadi Desemba. Kila mwezi wa kazi, baada ya kuondolewa mchango wa pensheni wa NSSF, bima ya afya ya SHIF na ushuru wa nyumba, mshahara wake unaotozwa kodi ulikuwa shilingi 30,000. Kodi ya mwezi ni shilingi 2,400 kwa zile 24,000 za kwanza na shilingi 1,500 kwa 6,000 zilizobaki, jumla 3,900. Ikitolewa afueni ya 2,400, anakatwa 1,500. Kwa miezi minane amekatwa shilingi 12,000. Lakini mapato yake ya mwaka ni 240,000, kodi yake kwa asilimia 10 ni 24,000, na kodi hiyo iko chini ya afueni ya 28,800. Hakupaswa kulipa hata senti moja. Shilingi 12,000 zote ni zake, na katika nyumba iliyokaa miezi minne bila mshahara, hiyo ni karo ya muhula au mabati ya jikoni.

Ikiwa katika miezi ya kufungwa alipata faida kwa kuvua au kuuza mahamri, faida hiyo sharti itajwe kwenye ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka anayowasilisha KRA, na wala haina haja ya kumtisha. Katika mfano huu angeweza kuongeza faida ya hadi shilingi 48,000, jumla ikafika 288,000, na bado kodi yake ya mwaka ikawa sufuri na dai lake likabaki 12,000.

Afueni yetu ina mpaka wake. Marekani, tangu mwaka 1975, kuna afueni ya wafanyakazi wa kipato cha chini ambayo serikali huwalipa hata inapozidi kodi wanayodaiwa, na kuna watu wa kujitolea ambao huwajazia fomu bure. Hapa Kenya kinachorejeshwa ni kile tu kilichokatwa. Tofauti ya shilingi 4,800 kati ya 24,000 na 28,800 katika mfano wetu halipwi mtu yeyote. Kwa hiyo yule ambaye mshahara wake unaotozwa kodi haukuvuka 24,000 mwezi wowote, na ambaye hakukatwa PAYE, asikubali kutoa hata shilingi kumlipa mtu anayeahidi kumtolea pesa KRA.

Kuna vyanzo vingine vya dai, vidogo kuliko msimu lakini vya kweli. Anayelipia bima ya maisha, bima ya afya, au bima ya elimu isiyopungua miaka kumi, hupata afueni ya asilimia 15 ya michango yake, hadi shilingi 60,000 kwa mwaka. Anayelipa 2,000 kila mwezi anastahili 3,600 kwa mwaka, na mara nyingi hoteli haijui kama bima hiyo ipo. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa, hivyo mwajiri aliyechelewa kubadilisha hesabu zake aliwakata watu zaidi. Na mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na ambaye KRA imempa cheti cha msamaha, hatozwi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, kiwango ambacho kinafunika mishahara yote ninayoizungumzia hapa.

Karatasi inayoamua kila kitu

Njia yoyote utakayochagua, utaulizwa Fomu P9. Ni karatasi moja ambayo mwajiri humpa kila mfanyakazi baada ya mwaka kuisha, miezi ikishuka kutoka Januari hadi Desemba upande wa kushoto, na juu yake vichwa vya mshahara wote, makato, mshahara unaotozwa kodi, kodi yenyewe, afueni, na mwisho kabisa PAYE. Weka kidole kwenye safu hiyo ya mwisho ushuke nayo hadi chini. Miezi ambayo hoteli ilifungwa inapaswa kuwa sufuri, na miezi ya kazi inapaswa kulingana na hati zako za mshahara. Kisha angalia jumla ya mshahara unaotozwa kodi. Kama jumla hiyo, pamoja na mapato yako mengine kama yapo, haizidi 288,000 na jumla ya PAYE si sufuri, una cha kudai. Kipimo hiki kinamfaa hata mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta, na ningependa kila mfanyakazi wa hoteli akipime mwenyewe kabla ya kumkabidhi mtu mwingine karatasi yake.

Simu yako na saiba

Nimeziweka njia hizi mbili pamoja kwa sababu tovuti ni ileile, iTax ya KRA, na hatua ni zilezile. Tofauti iko kwa anayesoma P9 na anayeshika nywila.

Anayejaza mwenyewe hahitaji kulipa ila bando. Kwa mtu mwenye mshahara tu na hana biashara, iTax ina fomu ya mapato ya ajira pekee ambayo hujazwa moja kwa moja kwenye tovuti, bila kupakua jedwali la Excel ambalo limewakatisha tamaa wengi. Mara nyingi taarifa alizowasilisha mwajiri huwa tayari zimeingia, na kazi ya mfanyakazi ni kuzilinganisha na P9 yake, kuhakikisha afueni binafsi imewekwa, na kuongeza bima kama anayo. Ugumu wake ni kioo kidogo cha simu: jedwali ni pana, namba moja ikikosewa hesabu yote hugeuka, na ukikawia mfumo hukutoa nje uanze upya. Mwenye kijana wa sekondari au wa chuo nyumbani na kompyuta ya kuazima atafanya kazi hii kwa utulivu zaidi kuliko kwa simu.

Saiba ina faida ambazo sizidharau. Kijana wa saiba anaijua tovuti kwa moyo, ana mashine ya kuchapisha, yuko Maweni, Barani au stendi ya matatu ambapo mtu hupita akitoka kazini, na bei yake ni ya kuvumilika. Tatizo ni kwamba analipwa kwa kila ritani anayomaliza, na mwezi wa Juni, foleni ikifika mlangoni, iliyo rahisi zaidi kumaliza ni ritani ya sufuri, ile ya kutangaza kwamba mtu hakuwa na mapato yoyote. Mfanyakazi anapewa karatasi ya uthibitisho, anaondoka ameridhika kwamba ameepuka faini, na papo hapo ametoa taarifa isiyo ya kweli na kuzika dai lake la mwaka mzima. Huwa najisikia vibaya sana ninapoona karatasi hizo zimehifadhiwa kwa uangalifu ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kosa hilo linaweza kurekebishwa kwa kuwasilisha ritani iliyosahihishwa ya mwaka ule, ikiwa P9 bado ipo.

La pili ni barua pepe. Wafanyakazi wengi walipofunguliwa PIN, yaani namba ya mlipa kodi, hawakuwa na anwani ya barua pepe, na mwenye saiba akaweka yake. Tangu siku hiyo kila ujumbe wa KRA, pamoja na ule wa kubadilisha nywila na ule wa kuuliza stakabadhi za dai, huenda kwa mtu ambaye huenda alishafunga duka akahamia Kilifi. Ukiamua kwenda saiba, nenda na anwani yako, andika nywila mwenyewe, ikatae kompyuta inapouliza kama iihifadhi, na usiondoke kabla hujaona kwenye karatasi ya uthibitisho jumla ya mapato yako na kiasi kinachorejeshwa. Ukiitumia hivyo, saiba ni mahali pa kukodi mashine na mikono ya haraka, na kwa mahitaji hayo inatosha.

Na kuna jambo moja ambalo simu na saiba zote hulikosa: ritani na ombi la kurejeshewa ni vitu viwili. Ritani ikishaonyesha kwamba umelipa zaidi, bado unapaswa kufungua sehemu ya marejesho na kuomba pesa, ukitaja akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Wengi huishia kwenye ritani na kusubiri.

Ofisi ya KRA, na kwa nini naipa nafasi ya kwanza kwa watu wa msimu

Huduma ya kusaidiwa kujaza ritani kwenye ofisi ya KRA ni bure, na Malindi tuna ofisi. Wanaotoka Watamu, Gongoni au Marafa watalipa nauli ya matatu, watapoteza nusu siku, na wakienda wiki ya mwisho ya Juni watasimama juani na mji mzima. Hata hivyo afisa wa KRA ana kitu ambacho wengine wote niliowataja hawana: anaona upande wa pili. Anaweza kuangalia kama hoteli iliwasilisha makato yako kwa jina na PIN yako, anaweza kurekebisha barua pepe iliyoandikwa na mtu mwingine, na anaweza kukuonyesha miaka ambayo hukuwasilisha ritani, ambayo kila mmoja una faini ya angalau shilingi 2,000 inayoweza kukatwa kwenye pesa zako kabla hazijakufikia. Kwa mtu wa msimu, ambaye dai lake zima linasimama juu ya makato ya mwajiri, kujua mapema kama makato hayo yalifika ni muhimu kuliko urahisi wa kubaki nyumbani. Hoteli ikikukata bila kuwasilisha, dai lako litakwama, na ni heri ulijue Machi ukiwa bado unamwona meneja kila siku.

Afisa huyo, kwa upande mwingine, hatakuuliza kama una bima ya elimu ya mtoto wala kama hesabu ya ushuru wa nyumba ilipigwa sawasawa. Anajaza ulichokuja nacho. Kwa hiyo anayekwenda KRA aende na P9, kitambulisho, PIN, namba ya akaunti ya benki, hati za mshahara za miezi anayoitilia shaka, na cheti cha bima kutoka kwa kampuni ya bima chenye namba ya sera na kiasi alichochangia.

Ofisi ya mishahara na wakala

Tangu tarehe 1 Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri atumie afueni, misamaha na makato yote anayostahili mfanyakazi wakati anapopiga hesabu ya PAYE ya kila mwezi. Kwa wafanyakazi wa mwaka mzima, hii ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu pesa hazitoki mfukoni kwanza ndipo zidaiwe. Peleka cheti cha bima au cheti cha ulemavu kwa mhasibu wa hoteli mwanzoni mwa mwaka, na uangalie hati ya mwezi unaofuata kama afueni imeonekana. Lakini mhasibu hawezi kujua Februari kwamba hoteli itafungwa Aprili hadi Julai, hawezi kukurudishia mwaka uliopita, na kwa wa msimu msaada wake mkubwa ni kutoa P9 sahihi na kuirekebisha ikiwa ina kosa, jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kulifanya kwa niaba yake.

Wakala wa kodi mwenye leseni ana mahali pake. Mtu aliyefanya kazi kwa waajiri wawili kwa wakati mmoja, tuseme hotelini mchana na kulinda nyumba ya Mwitaliano usiku, na kila mwajiri akampa afueni ya 2,400, huenda kwa hakika anadaiwa, na ni vyema akapata ushauri kabla ya kuwasilisha chochote. Vivyo hivyo mwenye madai ya miaka kadhaa, au ambaye mwajiri wake hakuwasilisha makato. Kwa P9 moja na dai la shilingi 12,000, sioni haja: wakala akichukua robo, shilingi 3,000 zimeondoka kwa kazi ambayo KRA ingeifanya bure. Anayetaka malipo kwa asilimia, na pesa ziingie kwanza kwenye akaunti yake, usimpe PIN yako.

Nani achague nini

Mwenye P9 moja, mwenye kazi ya mwaka mzima na bima, ajaze mwenyewe au asaidiwe na kijana wake, kisha ampelekee mhasibu cheti cha bima ili mwaka ujao asidai tena. Mwenye kazi ya msimu aende KRA Februari au Machi, mara apatapo P9. Ambaye kweli hawezi kufika KRA aende saiba Januari hadi Mei, asiende Juni, na aende na hesabu yake imeshaandikwa kwenye karatasi. Ambaye aliwahi kuwasilishiwa ritani ya sufuri wakati alikuwa kazini aanze na KRA, kwa sababu anayo miaka ya kurekebisha na huenda pia faini za kujadili. Mwenye waajiri wawili aulize kwanza.

Ninapowashauri wanaowasaidia wenzao, wawe wawakilishi wa chama cha wafanyakazi, wazee wa mtaa au vijana wenye kompyuta, huwa naomba jambo moja: keti kando ya mtu, mwache aandike nywila yake mwenyewe, na umsomee kila namba kwa sauti kabla ya kubonyeza. Mama aliyefanya usafi wa vyumba kwa miaka mingi anaweza kuelewa hesabu ya 240,000 mara asilimia 10 vizuri kabisa akiisikia kwa lugha yake, na mwaka ujao hatakuhitaji.

Tarehe ya mwisho ya ritani ni 30 Juni, na kwetu tarehe hiyo inaangukia katikati ya kufungwa, ofisi za hoteli nyingi zikiwa na mlinzi peke yake. Ndiyo maana P9 iombwe kabla ya Pasaka, kwa maandishi, ukibaki na nakala ya ombi. Ikiwa hoteli imeshafungwa na huna karatasi hiyo, kusanya hati za mshahara na taarifa ya benki inayoonyesha mishahara ilivyoingia, uende nazo KRA uombe waangalie kile mwajiri alichowasilisha kwa PIN yako, na wasilisha ritani kabla ya 30 Juni kwa namba hizo; hoteli ikifunguliwa na P9 ikapatikana ikiwa na tofauti, utawasilisha ritani iliyosahihishwa kisha uendelee na ombi la kurejeshewa.